Katyetye wa Kambove, Katyetye wa Shituru

Asubuhi za Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba mjini Likasi, zilikuwa na harufu ya asidi. Ilishuka kutoka kiwandani kabla ya jua, ikapenya madirishani, ukaisikia kwenye meno kana kwamba umelamba msumari. Wageni walikohoa, sisi tuliozaliwa pale tulidhani hewa ndivyo ilivyo duniani kote. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye mabati ya nyumba ya kampani, kulikuwa na vishindo vya miguu midogo: mbio kidogo, kimya, mbio tena, kisha mluzi mwembamba. Alikuwa katyetye, yule ndege mweusi na mweupe asiyeacha kutikisa mkia, ambaye utamkuta karibu kila mahali penye watu na maji. Hakuna mtoto aliyempiga kwa manati. Katyetye akikaa kwenye paa lako ni mwenyeji wako, na mama alituonya kwamba anayemuua anakaribisha msiba nyumbani. Mama alikuwa mtu wa maombi, na mchungaji wake alikemea imani za mababu kila Jumapili, lakini katika jambo la katyetye mama na mababu walipatana kabisa.

Mado alikuja kwetu mwishoni mwa mvua, mwaka niliokuwa darasa la nne. Alikuwa mtoto wa mdogo wake mama, aliyefariki Kambove, kwa hiyo kwa desturi yetu alikuwa dada yangu na si vinginevyo. Alinizidi umri kidogo na alinizidi ulimi mno. Kambove, kwa maneno yake, kila kitu kilikuwa bora: maji matamu, sombe, yaani kisamvu, laini zaidi, hata udongo mwekundu haukushika nguo kama wa kwetu. Baba, ambaye alikuwa fundi umeme kiwandani, alimwita balozi, naye alifurahia cheo hicho. Mimi nilinuna. Nilizaliwa Shituru na sikuwa na mji mwingine wa kujivunia. Sikuwa na akili ya kutambua kwamba mtoto anayesifu kwao kutwa nzima analilia kwao, na kwamba kule alikotoka hakuna aliyebaki wa kumpokea isipokuwa babu mmoja, baba wa baba yake, mzee mkali aliyeishi kwa kuchimba.

Ndipo alipoanza kuwagawa ndege. Tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba, katyetye wawili wakiokota makombo ya bukari, ugali wetu, miguuni petu. Mmoja alikuwa mweusi wa kung'aa, kifua cheupe chenye ukosi mweusi. Mwingine alikuwa na rangi ya majivu kila mahali ambapo mwenzake alikuwa mweusi. Mado akaacha sufuria. "Angalia ule mweusi," aliniambia. "Ule anatoka Kambove. Huyu wa majivu njo wa hapa. Moshi ya kampani ilimuchafua." Nikabisha, tukabishana hadi sabuni ikakauka mikononi. Lakini tangu siku ile sikuweza kumwona katyetye bila kumpangia mji. Njiani kwenda shule, kwenye reli, kwenye mtaro wa maji machafu, tuliwahesabia asili yao kama makarani wa forodha. Mweusi alipotua karibu, uso wa Mado ulikunjuka. Alimsalimu, akamuuliza habari za Kambove, akangoja, na ndege alipotikisa mkia akaridhika na jibu.

Mimi ndiye niliyetaka kummaliza kwa hoja. Nilimwambia kama kweli ni uchafu, basi utatoka kwa sabuni. Nilisema kwa mzaha, kama mtoto anavyosema, lakini Mado alilipokea neno hilo kwa uzito wote. Ikiwa chini ya majivu kulikuwa na weusi, basi hata hawa wa Shituru walikuwa wa kwao, waliochafuka tu kwa kukaa ugenini. Asubuhi moja ya baridi ya Mei tulimwona mmoja wa majivu akirukaruka chini ya ukuta, mzito wa kuruka. Nilimfunika kwa kikapu. Nilimshika mabawa, nikahisi moyo wake ukipiga vidoleni mwangu kwa kasi ya kutisha. Mado alimsugua kwa sabuni ya kufulia, polepole, akimbembeleza. Povu lilitoka jeupe. Majivu hayakutoka.

Ndege alianza kutetemeka. Mado alimfungia katika kitambaa chake cha kichwa, akatafuta mahali penye joto, na nyumbani kwetu hapakuwa na mahali penye joto kuliko kitanda cha mdogo wangu Dodo, aliyekuwa hajaanza kutembea, na aliyelazwa chini ya mablanketi yote mazuri tuliyokuwa nayo. Akamsukumia ndege chini ya godoro, pembeni, apate joto la mtoto. Tukaenda shule. Tulikusudia kumtoa mchana.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imejaa. Dodo alikuwa amechemka kwa homa tangu saa nne. Baba alikuwa ameshambeba mgongoni kumpeleka zahanati, na mama, akitandua kitanda kilicholowa jasho, alikuwa ameuona mfuko wa kitambaa na katyetye aliyekufa ndani yake. Alikuwa amewaita wenzake wa kikundi cha maombi. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba. Kitambaa kilikuwa mezani. Katika mtaa wetu hapakuhitajika maelezo: mwenyeji wa paa ameuawa, akafungwa kitambaani, akafichwa chini ya mtoto mchanga, na mtoto anawaka moto. Jambo hilo lina jina moja tu, nalo ni bulozi, uchawi.

Mama hakumtazama Mado. Alinitazama mimi. "Bea, weye hausemake bongo," alisema, na bongo kwetu ni uongo. "Hiki kitambaa ni ya nani?"

"Ya Mado, ba mama."

"Ni nani aliiweka mu kitanda ya Dodo?"

"Ni Mado."

"Na ni nani alimusugua ule ndege na sabuni?"

"Ni Mado."

Kila jibu lilikuwa kweli. Hakuna aliyeniuliza nani alimfunika kwa kikapu, wala wazo la sabuni lilitoka kinywani mwa nani. Ningeweza kusema bila kuulizwa. Mado alisimama kando yangu, mkono wake umegusa wangu, na hakunikana wala hakunitaja. Alisema tu, "Nilikuwa nataka apate joto." Wale akina mama walitazamana. Kiongozi wao akanishika kichwa, akamshukuru Mungu kwa mtoto asemaye kweli, na mimi nilisikia fahari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikuogopa tu, nilifurahi kusifiwa. Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema ni mpenzi wa nani mwingine.

Mado alifungishwa na kuombewa katika chumba cha mama mmoja wa kikundi, bila chakula, wakimtaka aseme ni nani aliyemtuma. Hakuwa na la kusema, nao wakaita ukimya wake ukaidi. Baba alipinga, lakini alipinga kwa sauti ya mtu anayetaka amani nyumbani. Dodo alichomwa sindano za malaria zahanati, akapata nafuu. Wiki ileile Mado alipakiwa kwenye lori la Kambove, kwa babu yake, na kila mtu mtaani alisema: mmeona, ametoka tu, mtoto amepona. Babu hakuwa na habari za shule. Mado aliosha mawe ya shaba mtoni pamoja na wanawake wengine, na daftari zake alikuwa ameziacha chini ya kitanda chetu, nami nikazitumia.

Sasa mimi ni mwalimu Lubumbashi. Miaka michache iliyopita, katika maktaba ya shule, nilifungua kitabu kikubwa cha ndege, nikamkuta katyetye wetu. Wataalamu wanasema ni ndege wa aina moja, kutoka kwetu hadi mbali sana. Wanamgawa makundi mawili tu: mmoja wa kusini kabisa mwa Afrika, mwingine wa sehemu nyingine zote, na tofauti yao ni kiasi tu cha weusi na weupe shingoni na ubavuni. Wa Likasi na wa Kambove hawana hata nukta ya kuwatenga. Pembeni kulikuwa na picha ya ndege wa rangi ya majivu. Maelezo yalisema kwamba huyo ni kinda, bado hajapata weusi wake. Nilikaa na kitabu kile magotini hadi kengele ikalia. Tulikuwa tumemsugua mtoto kwa kosa la kuwa mtoto.

Nilikwenda Kambove likizo iliyofuata. Mado anauzia wachimbaji chakula karibu na barabara ya malori. Ana watoto, ana mwili, ana kicheko kilekile. Alinipakulia sahani iliyojaa kupita za wateja wote. Nikamweleza habari za kitabu, makundi mawili, kinda na rangi yake, nikaongea haraka kama mwanafunzi aliyekariri. Kisha nikamwambia lile nililojia: kwamba wazo lilikuwa langu, na kikapu kilikuwa changu, na kwamba siku ile sikusema uongo lakini nilikosa.

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Nayua, Bea," alisema. "Ulisema kweli tu. Minye nilikuwa nangoja useme bongo. Mara moja tu."

Kisha mteja akaita, akaenda kumhudumia. Binti yangu leo ana umri tuliokuwa nao. Walimu wake humsifu kwamba hasemi uongo hata akibanwa, naye hurudi nyumbani akijivuna, akingoja nami nimsifu. Namtazama, na sifa hainitoki kinywani.