Unakimbia Nani?

Kila asubuhi, nilipokuwa nikifunga kamba za viatu, baba yangu alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, fimbo katikati ya magoti. Na kila asubuhi aliniuliza swali lile lile.

"Unakimbia nani?"

"Sikimbie muntu, Papa. Niko nakimbia tu."

"Hakuna kukimbia tu."

Hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na ziko asubuhi nilizotoka bila kumjibu, nikavuta mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lakini nilijua swali lake lilikotoka. Kwetu, kwenye milima ya Masisi, neno ni moja tu. Mtu akikimbia, ana anachokikimbia. Ukiona jirani yako anapita mbio, humuulizi anakwenda wapi, unamuuliza kuna nini huko alikotoka, na huku unauliza mkono wako umeshaanza kutafuta godoro la kukimbia nalo. Nilikuwa mama wa watoto wawili ndipo nikasikia kwamba mtu anaweza kukimbia akazunguka na kurudi pale pale alipoanzia, na hiyo ikaitwa afya.

Aliyetuambia hivyo alikuwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya Bweremana, huku chini kando ya ziwa tulikokimbilia. Wote tulimwita Prof. Alitukusanya wanawake sita wa parokia, akasema tukimbie naye barabarani kabla ya jua kuwa kali, tutalala vizuri. Mimi usingizi ulikuwa umenihama siku nyingi, nikakubali.

Siku ya kwanza hatukufika mbali. Mama mmoja aliyekuwa amepanga ndizi zake kando ya barabara alituona tukija, watu saba, kasi, bila neno. Akaruka, akaacha ndizi, akakimbia pamoja nasi. Tulikwenda naye mpaka kwenye daraja ndipo akapata pumzi ya kuuliza.

"Bamefika wapi?"

"Banani, Mama?"

"Benye munakimbia!"

Prof alipomweleza kwamba hatukuwa tukimkimbia mtu, alitutukana matusi ambayo sitayaandika, na alikuwa na haki yake yote. Tukarudi tukamsaidia kuokota ndizi. Kutoka siku hiyo Prof akaweka sheria: tukimbie tukiimba. "Muntu mwenye kukimbia vita haimbake," alisema. Kwa hiyo tukawa tunapita Bweremana na nyimbo za kanisa, pumzi zikikatika katikati ya aleluya, na watu wakisikia tunaimba wanaendelea kupika chai zao. Ukitaka kujua kama mwanamke wa kwetu anakimbia kwa hiari yake, msikilize.

Baba hakuimba wala hakucheka. Aliuliza tu swali lake, na mimi kila siku lilinichoma, kwa sababu nilidhani najua lingine lililokuwa chini yake.

Niliseme sasa, maana bila hilo mengine hayana maana. Siku tulipotoka kwetu juu, ilikuwa asubuhi, maziwa bado yana povu kwenye kibuyu. Risasi zilianza upande wa pili wa kilima. Nilimfunga mtoto mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono. Baba alikuwa kwenye zizi anafungulia ng'ombe. Goti lake lilikuwa limeharibika tangu zamani, hakuweza kwenda zaidi ya mwendo wa kutembea. Alinitazama mara moja. "Mutangulie," alisema. "Niko nakuya."

Nikatangulia. Na hapa ndipo penye aibu yangu: niliposikia neno lile, moyo wangu ulipata nafuu. Nilijua hatakuja nyuma yetu upesi, nilijua anasema tu, lakini nililidaka neno lake kama ruhusa na nikakimbia.

Siku nne nilisimama kando ya barabara ya Bweremana nikiwatazama watu wakishuka kutoka milimani. Sikurudi hata hatua moja kumtafuta. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Siku ya tano alishuka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, ng'ombe hata mmoja hakuwa naye. Akawashika watoto vichwani, akauliza, "Mumekula?" Basi. Miaka ikapita, na juu ya siku ile hatukuwahi kuongea tena. Alijizoesha kukaa mlangoni. Jioni, kwa kuwa hakuwa tena na ng'ombe wa kuhesabu wakiingia zizini, alihesabu mbuzi wa jirani, na mmoja akikosekana alikwenda kugonga mlango wa wenyewe kuwaambia. Walimchoka, lakini mbuzi wao hawakupotea.

Ndipo Prof akaleta habari ya mbio za kisiwani. Kwenye kisiwa kimoja cha ziwa letu walikuwa wanaandaa marato, walivyoiita wenyewe. Prof alicheka, akatueleza kwamba marato ya kweli ni kilomita arobaini na mbili, na kisiwa kile ukikizunguka mara mbili hupati hata nusu yake. Lakini waliokuwa wanaandaa walisema ni marato, na jogoo wa mshindi alikuwa jogoo wa kweli, kwa hiyo hatukubishana.

Nilipomwambia baba, aliigeuza fimbo yake mkononi. Halafu akasema, "Nitaenda na miye. Nione penye munakimbilia."

Mtu wa ng'ombe na maji ya ziwa ni vitu viwili. Hakuwa amewahi kupanda mtumbwi maisha yake yote. Walimvika jile, ile koti ya kuelea majini, ikamkaa shingoni kama nira, na mashine ilipowaka alishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka upande wa pili. Wenzangu waliimba kumtia moyo. Tulipofika alifungua macho, akakanyaga mchanga mara tatu kuujaribu, akaniambia kisiwa ni kilima tu kilichokosa akili ya kukaa na wenzake.

Walimpa kiti chini ya hema, pamoja na wazee wa pale, karibu na kamba ya kufikia. Wakampa na soda. Tulijipanga. Alituhesabu, niliona midomo yake ikisogea, kama zamani mlangoni pa zizi. Tulikuwa thelathini na saba.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu, nasema kweli. Njia ilipanda katikati ya migomba na kahawa, ikashuka mpaka ziwa likaonekana chini yetu, halafu ikapanda tena. Watu wa kisiwa walitoka nje ya nyumba kutuangalia. Hakuna aliyeshika godoro. Watoto walikimbia kando yetu, mama zao wakicheka, na nilishangaa, nikaona wivu pia, kwamba kuna watu wanaoona umati unakuja mbio na jambo la kwanza wanalofanya ni kupiga makofi. Niliimba kwa nguvu zangu zote.

Mzunguko wa pili wenzangu waliniacha. Nilikuwa nimejitapa mno mwanzoni, miguu ikanilipiza. Nilibaki peke yangu nyuma, na wimbo ukaniishia, maana kuimba peke yako barabarani ni kazi nyingine. Sasa, wale ndugu wa kisiwani walikuwa wamechora mishale ya njia chini kwa unga wa muhogo. Wazo zuri, ungesema. Lakini kuku wa kisiwani nao ni viumbe wa Mungu. Nilipofika penye njia panda mara ya pili, mshale ulikuwa umekwisha, na kuku wanne walikuwa wanamalizia ncha yake. Nikasimama. Nikajaribu kukumbuka. Nikachukua njia ya chini.

Nilikwenda sana. Njia ilizidi kuwa nyembamba, ikanitoa ufukweni, mahali mama mmoja alikuwa anaanika sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kwenye neti. Alinitazama mimi na namba yangu kifuani.

"Benzako bamepita kule juu," alisema. "Zamani."

Niligeuka kupanda. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuniuma, na ile ngazi ya udongo sikuiweza kwa mbio. Nikatembea. Nilipofika katikati ya kilima, kwa mbali nilisikia makofi na nyimbo upande wa kamba, nikajua wanapokelewa. Nikaketi kwenye jiwe. Nilikuwa na hasira na kuku, na Prof, na mimi mwenyewe. Nilimfikiria baba chini ya hema, amevuka ziwa macho yamefumbwa kuja kuona ninapokimbilia, na sionekani. Na hasira ilipokwisha nililia, mtu mzima mimi, namba kifuani. Sikulilia mbio. Nililia kwa sababu nilikuwa peke yangu njiani na wengine wote wamefika, na kwa mara ya kwanza nilielewa siku zake nne zilikuwaje.

Ndipo niliposikia mluzi.

Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Hakuna mtu wa kisiwa kile anayeweza kuupiga. Ni mluzi wa baba, aliokuwa akimpigia ng'ombe aliyechelewa nyuma ya wenzake jioni. Nilikuwa sijausikia tangu tuache zizi. Nikasimama. Ukaja tena, karibu zaidi, halafu nikaiona kofia yake juu ya kahawa, halafu fimbo, halafu yeye mzima, anashuka upandeupande kwa ajili ya lile goti, jasho limemlowesha shati.

Prof alinieleza baadaye ilivyokuwa. Baba alihesabu kila aliyekata kamba. Alipofika wa thelathini na sita, na muda ukapita, na wakaanza kugawa vyakula, alisimama, akaweka soda yake juu ya kiti, akauliza njia ni ipi. Wakamwambia, Papa, kaa, atafika, hii ni mashindano tu. Akawajibu, "Benye bamekimbia bamefika bote. Wangu hajafika." Akaondoka. Kwake yeye hakukuwa na mashindano. Watu wametoka mbio mahali, wamefika, mmoja hayumo. Mtu wa kwetu anajua kazi inayobaki.

Alinifikia, akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Nilihesabia," alisema. "Ulipunguka."

Nikataka kumcheka, kumwambia habari za kuku. Mdomo wangu ukatoa kitu kingine kabisa.

"Papa, ile siku sikurudia kukutafuta."

Hakuniuliza siku gani. Alipangusa jasho na kofia yake, akaivaa tena, akaiweka sawa.

"Miye njo nilisema mutangulie," alisema. "Ulikuwa na batoto. Kama ungerudia, ningekuchapa na hii fimbo."

"Na weye, Papa? Juu ya nini umerudia?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Weye haukuniambia nitangulie."

Alinishika kiwiko, nami nikamshika chake, na tukapanda, goti lake bovu na kifundo changu, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Njiani nilimwambia habari za kuku, na akacheka mpaka ikabidi asimame. Akasema ng'ombe hawezi kula njia ya mtu, na kwamba hayo ndiyo matatizo ya kufuga kuku.

Tulipotokea, watu wengi walikuwa wameshajitawanya kwenye sahani zao. Prof ndiye aliyetuona wa kwanza. Akaanza wimbo, na wale wanawake watano wakauchukua, midomo imejaa ugali, wakaja kusimama pande mbili za njia. Baba aliwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Njo vile munaimbaka?"

"Njo vile, Papa."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuujua wimbo ule vizuri, lakini kwenye kiitikio nilimsikia, sauti ya chini, nusu pumzi.

Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye miti miwili; waliilegeza kwa ajili yetu. Hatua moja kabla yake baba alisimama, akaachia kiwiko changu, akanionyesha mbele kwa fimbo.

"Tangulia," alisema.

Nikamwambia hapana, Papa, leo sitangulii. Nikamshika mkono, tukapita.