Jumamosi Nne kwa Roger

Si kweli kwamba Emilienne alimaliza Agosti nzima akifuata mwanaume kwenye matete. Waliosema hivyo waliona karatasi mlangoni pake, wakasoma mstari mmoja, wakaacha mingine.

Karatasi aliiandika mwenyewe, mistari imenyooka, kama alivyoandika ratiba ya darasa la tatu kule Pweto kabla ya kukimbia vita. Shule za Nchelenge, ng'ambo ya ziwa alikokimbilia, zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Kati ya wanawe, Cadette ana miaka saba, Dany mitano, na walikuwa wakizunguka nyumba kama kuku waliofungiwa. Mama yao hakuwashinda kwa utulivu. Aliandika: Jumatano, Kafutuma, kuchimba viazi shambani kwa Priscille. Jumapili baada ya misa, Mofwe, kuangalia ndege wa majini. Akaifuta Mofwe kwa sababu ya umbali, akairudisha, akaifuta tena. Jumamosi nne, kwa Roger. Hizo hakuzigusa.

Roger ni mshona nyavu wa ufukweni. Alikuwa mtumbwini pamoja na Octave, mume wa Emilienne, siku upepo wa mchana ulipoupindua. Roger aliogelea, akafika. Octave, aliyevuka ziwa hilo miaka tisa na mizigo yake ya samaki, hakujua hata kuelea.

Katika ukoo wa Octave, mtoto wa mtu aliyechukuliwa na ziwa haingii majini mpaka kaka mkubwa wa baba yake amwoshe kichwa kwa maji ya ziwa lilelile. Kaka huyo, Valère, anakaa Pweto, na kwa miaka miwili alikuwa akituma habari kwamba yuko njiani. Miaka miwili watoto walicheza karibu na maji, na kila wimbi lilipopiga, mama yao alitoka nje kuwatafuta kwa macho. Akachoka kungoja. Akafunga viazi vya kuchemsha na karanga kwenye kitambaa, akasema ni matembezi, na Roger akawafundisha watoto kuelea pale kwenye mchanga safi, ambapo wavuvi wanavuta nyavu kutwa na mamba hawasogei.

Jumamosi ya tatu jirani yake, Angèle, aliegemea ua.

"Madame, leo tena kwa Roger? Hata misa hauendake hivi!"

"Misa iko mara moja kwa juma, Angèle. Na wewe nakuonaka pale mara moja kwa mwezi."

Maneno yalivuka ziwa upesi kuliko injini. Jumamosi ya nne Valère mwenyewe alifika mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, akasoma karatasi yote bila kusalimu.

"Mama Cadette, banasema uko na bwana. Batoto ba ndugu yangu habatalelewa mu nyumba ya aibu. Nimekuya kubabeba."

Emilienne alipima njia mbili. Akimficha Roger, ataonekana mwongo. Akimwonyesha, mwiko uliovunjwa utakuwa sababu ya pili ya kumnyang'anya watoto. Alifunga viazi vyake kama kila Jumamosi.

"Karibu, yaya, kaka yetu mukubwa. Twende pamoja kwa huyo bwana."

Hawakuwa wamefika vizuri Dany alipokimbilia majini, akalala chali, tumbo juu. Valère alipiga kelele. Cadette naye akaingia.

"Baba mukubwa, angalia! Sizami!"

Roger alisimama na sindano yake ya nyavu mkononi. Valère alimgeukia Emilienne.

"Nani alibaosha kichwa?"

"Hakuna mutu. Ulisema utakuya Pasaka, yaya. Haukusema Pasaka gani."

Valère alikunja suruali yake. Kisha akavua viatu, akaingia, akateka maji kwa viganja viwili, akammwagia Dany kichwani, halafu Cadette, akitaja jina la baba yao. Watoto walitetemeka kwa baridi wakicheka. Baadaye alikula viazi vitatu, akamwuliza Roger kama mtu wa miaka hamsini anaweza kujifunza.

Jumatatu alirudi Pweto peke yake.

Angèle alikuwa anamngoja Emilienne kwenye ua.

"Sawa, Madame, batoto banajua maji. Lakini Agosti inaisha, na pale mulango naona umeongeza Jumamosi ya tano. Kwa Roger. Ni ya nini?"

Emilienne alibandua karatasi, akaikunja mara mbili.

"Yenye nilikuwa nayo ya kusema nilisema. Ingine sisemi."

Akafunga mlango.