Kompyuta ya Mama Pyo Huzima Jumapili Tu

JECHEON. Saa tatu asubuhi, Ijumaa. Nje theluji imegoma kuyeyuka, na ndani ya duka lake jembamba Tak Yeong-bae ameketi kwenye kiti cha plastiki, akiikodolea macho kompyuta kama mzazi anayemtazama mtoto aliyeapa kwamba sukari hakuila yeye.

Kompyuta inafanya kazi. Hilo ndilo linalomnyima raha.

Siku tatu mfululizo ameiwasha hapa dukani. Ameichezesha video, ameipa mahesabu mazito ya kuichosha, ameiacha ikinguruma tangu anapofungua hadi anapofunga. Haijazima hata mara moja. Lakini ikiwa nyumbani kwa mwenyewe, kila Jumapili, nusu saa haijatimia, skrini inaganda halafu pu! Giza.

"Sielewi," anasema akikuna kisogo. "Miaka ishirini na tisa nafungua mashine hizi. Sijawahi kuaibishwa namna hii."

"Jumanne ulisema hivyo hivyo, Baba Ye-sol," anadakia mkewe, Seon-deok, kutoka kwenye cherehani yake pembeni. Mikono inashona, mdomo haushoni. "Umebadilisha kila kitu humo. Bado kujibadilisha wewe."

Fundi Tak anaizima kompyuta, anaiwasha tena. Inawaka bila kinyongo.

Zamani duka hili lilikuwa na mafundi watatu na foleni hadi mlangoni. Siku hizi watu wanatembea na kompyuta mfukoni, na ikiharibika wananunua nyingine. Akishalipa pango, Tak hubaki na kama won milioni moja na laki sita kwa mwezi, na asingekuwa Seon-deok anayepunguza suruali na kubadilisha zipu kwenye kona hiyo hiyo, duka lingeshafungwa. Wateja waliobaki ni wazee. Wanamwita fundi, naye wanawake wote waliomzidi umri anawaita Mama.

Mwenye kompyuta hii ni Mama Pyo Sun-rye, mjane wa miaka sabini na saba, anayeishi peke yake katika nyumba ya zamani ya vigae, mlimani nyuma ya soko. Ana mtoto wa jicho. Simu ya mkononi haimsaidii, kwa kuwa uso wa mtu kwenye kioo kidogo hauoni, anaona ukungu tu. Ndiyo maana binti yake, Mi-gyeong, aliyeolewa Kanada, alimnunulia kompyuta yenye skrini pana kama trei ya kubebea chakula. Kila Jumapili saa nne asubuhi, ambayo kwa Mi-gyeong ni Jumamosi jioni, mama na mwana wanaonana.

Keshokutwa si Jumapili kama nyingine. Mjukuu wa kwanza wa Mama Pyo, mtoto wa kike aitwaye Da-on, anatimiza siku mia tangu azaliwe. Atavishwa, atawekwa mbele ya keki nyeupe za mchele, na bibi yake anatakiwa kuwapo.

"Siku ya mia haiji mara mbili," anasema Tak. "Mama hajamshika mtoto huyu hata mara moja. Akikosa kumwona Jumapili kwa sababu ya uzembe wangu, nitapita wapi sokoni?"

Jumapili tano sasa kompyuta imezima katikati ya mazungumzo. Ya tatu ndiyo iliyouma zaidi. Mi-gyeong alikuwa amemwinua mtoto karibu na kamera akisema, "Mama, tazama, anataka kucheka!" Skrini ikaganda, mdomo wa mtoto uko wazi nusu. Kisha giza. Mama Pyo alibaki akitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Tak amepanda kilima kile mara tatu, kila mara akipiga simu kwanza, na kila mara amekaribishwa kwa heshima zote. Anakuta kompyuta imeshafutwa vumbi, imewekwa juu ya meza fupi kando ya skrini, na mbele ya meza kuna mto wa kukalia. Mama Pyo mwenyewe anamkuta amevaa koti nene la pamba, kofia hadi masikioni.

"Mama, ulikuwa unatoka?"

"Hapana, fundi, nimerudi sasa hivi. Keti. Boila nimeshaiwasha, sakafu itapata moto sasa hivi."

Mara tatu zote alikuwa amerudi sasa hivi. Na mara tatu zote Tak, mtu wa haraka, alimaliza kabla maji ya boila hayajazunguka kwenye mabomba chini ya sakafu, akateremka mlima vidole vya miguu vikiwa ganzi.

Mara ya kwanza alisafisha feni. Mara ya pili akabadilisha pawa saplai na kadi za kumbukumbu. Mara ya tatu akapima umeme wa soketi zote, akaleta kebo mpya. Alisoma kumbukumbu za mashine, akakuta imeandika tu kwamba ilizimika ghafla, kana kwamba yeye hajui. Mwishowe aliibeba hadi dukani, akafuta mfumo wote na kuupakia upya. Malipo alipokea ya mara ya kwanza tu, won elfu thelathini. Zilizofuata aliona haya kuzidai.

"Nilimwuliza Mama: kuna kitu kingine unawasha wakati huo? Jiko la umeme? Mashine ya kufulia? Hakuna. Nikauliza majirani. Hakuna. Kichwa kikaanza kuniuma."

Mama Pyo ana maelezo yake. "Ni marehemu mume wangu," alimwambia fundi, bila hata kutabasamu. "Alikuwa na tabia hiyo. Redio alikuwa anaizima watu wako katikati ya habari."

Tak alicheka. Alipofika nyumbani akajikuta anamwuliza mkewe kama jambo hilo linawezekana.

"Muulize marehemu," Seon-deok akamjibu. "Akikujibu, nitafunga cherehani."

Jumamosi Tak anairudisha kompyuta mlimani, anaiunganisha juu ya meza fupi, anaijaribu, inakwenda. Anaaga kwa moyo mzito. "Kesho nitakuja niketi hapa hadi mwisho, Mama."

"Usije! Jumapili ni siku yako ya kupumzika. Ukija nitakasirika."

Anakuja. Saa tatu na dakika ishirini za Jumapili anabisha hodi, mwandishi wa makala haya akiwa nyuma yake, na kutoka jikoni inasikika "Uwii!" na sufuria kugonga sufuria. Mama Pyo anafungua mlango. Nyuma yake mvuke wa keki za mchele na supu ya mwani umejaa nyumba. Amevaa blauzi nyepesi ya waridi, ya mikono mifupi. Hana koti wala kofia.

"Nilisema usije," anasema, lakini anaingiza watu ndani kwa kuwavuta mikono.

Tak anavua viatu. Anakanyaga sakafu. Anasimama.

Anainamisha kichwa kutazama soksi zake, kama vile miguu si yake. Halafu anapiga magoti na kuweka kiganja sakafuni. Anasogea kidogo, anaweka tena. Anatambaa hivyo, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akilifuata joto kutoka mlangoni kuelekea kona ya ndani, pale mabomba yanapoingilia chumbani na sakafu inapokuwa moto kupita kote. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za fundi Tak zinaishia kwenye mfarishi mnene wa maua mekundu, uliokunjwa vizuri juu ya kitu cha pembe nne. Kebo zinatokeza pembeni.

Meza fupi imebaki na skrini peke yake.

"Mama, hii ni nini?"

"Kompyuta hiyo, fundi. Si wewe uliyeitengeneza?"

"Mbona iko hapa? Jana niliiacha mezani!"

"Mezani naiweka ukija wewe, usiumie mgongo. Mahali pake ni hapo."

"Chini ya mfarishi?"

Mama Pyo anamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una kitasa. "Sasa mwanangu anakuja kupitia humo. Nimweke kwenye baridi?"

Baadaye Tak atasema kwamba wakati huo hakuiona kompyuta. Aliliona bakuli la shaba la mama yake, limejaa wali, limefunikwa kifuniko chake na kuviringishwa mfarishi, kwenye kona kama hiyo hiyo. Lilikuwa la baba yake aliyefanya kazi kwenye machimbo ya makaa, arudi akute wali una joto. Hata alipokaa mwezi mzima bila kurudi, bakuli lilijazwa kila jioni, na watoto walikatazwa kupita karibu. Nani wa umri wake asiyelijua bakuli lile? Kona ya moto ni ya mtu asiyekuwapo.

Anaanza kucheka. Anacheka hadi anakohoa, na akimaliza kukohoa anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Mama, sikiliza. Mashine hii ina moto wake mwenyewe. Ina feni ya kuvuta hewa iipoze. Wewe umeiweka juu ya jiko, ukaifunika blanketi. Hata mimi ningezimia."

Mama Pyo anaziba mdomo kwa viganja viwili. "Maskini mimi! Nimekuwa nikimpika mwanangu?"

Zimebaki dakika thelathini na tano. Fundi anaibeba kompyuta hadi mezani, anaifungua ubavu ipoe, anaipepea kwa gazeti. Saa nne kamili Mi-gyeong anatokea kwenye skrini, na mapajani mwake yupo Da-on mwenyewe, kofia ya hariri imemwangukia jicho moja.

"Mama! Nyumba ina joto? Redio ya huko imesema Jecheon ni baridi kali."

"Joto hadi nimevua sweta! Tazama!" Mama Pyo anavuta mkono wa blauzi mbele ya kamera.

Tak, aliyejibanza ukutani asionekane, anaitazama saa. Dakika ishirini. Dakika ishirini na nane, ndipo ilipozima Jumapili iliyopita. Anang'ata mdomo. Thelathini na tano. Mama Pyo anapiga makofi na kuimba kitu cha kitoto kisicho na maneno, anasogeza pua karibu kabisa na kioo, na huko Kanada mtoto anamgundua. Anamkazia macho. Anacheka, meno hana, sauti yake imejaa chumba kizima.

"Nimemwona!" anapiga kelele Mama Pyo. "Fundi, nimemwona anacheka!"

Wanazungumza saa moja na dakika tano. Anayezima safari hii ni Mi-gyeong, kwa kuwa mtoto amelala.

Hapo ndipo simulizi hii ingeishia. Lakini Mama Pyo anainuka, uso unang'aa, anakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya boila ukutani.

"Kumbe mashine haitaki joto! Basi afadhali. Sasa hata Jumapili sina haja ya kuwasha." Anabonyeza. Taa ndogo nyekundu inazimika.

"Hata Jumapili?" anauliza Tak.

Mama Pyo anajing'ata ulimi. Neno limeshatoka.

"Na siku nyingine, Mama?"

"Siku nyingine nina koti."

Tak anakumbuka safari zake tatu, na mama aliyekuwa "amerudi sasa hivi". Hakuwa ametoka popote. Januari iliyopita bili ya gesi ya boila ilifika won laki mbili na arobaini elfu, anaeleza Mama Pyo kwa sauti ndogo, na pensheni yake ni laki tatu na kitu. Binti akiona mvuke unamtoka mdomoni wakati wa kuongea atajua, na akijua atatuma fedha, naye ana mtoto mchanga. Kwa hiyo Jumapili huwasha mapema, nyumba ipate moto, blauzi ivaliwe. Sasa binti akiona koti na mvuke, ataambiwa kwamba mashine haitaki joto.

Fundi ameitibu mashine, na kwa mkono huo huo amemnyang'anya bibi huyu saa chache za joto alizokuwa nazo kwa wiki. Anatazama swichi, anatazama kompyuta, anatazama swichi. Kisha uso wake unakuwa wa kazi.

"Mama, sikuwa nimemaliza. Moto mkali unaiua, ni kweli. Lakini baridi inaiua zaidi. Ukiiwasha kwenye chumba cha baridi inatoa jasho ndani, maji yanaingia kwenye umeme."

"Kweli?"

"Miaka ishirini na tisa, Mama."

"Sasa inataka joto gani?"

"Digrii ishirini. Kila siku, hata ikiwa imezimwa."

Mama Pyo anaigeukia kompyuta, mikono kiunoni. "Mashine ya kudeka hii!" Anabonyeza swichi. Taa nyekundu inarudi.

Mlangoni, kwa sauti ya chini, fundi Tak anasema Jumatatu Seon-deok atakwenda ofisi ya mtaa kuulizia msaada wa gesi kwa wazee, na fomu atajaza yeye, kwa sababu Mama Pyo mwenyewe si mtu wa kuomba. Kila mwanzo wa mwezi atapanda mlima huu "kupima joto la mashine". Na wateja wake wote wazee sasa atawatembelea bila kuwaarifu. Anataka kuona kompyuta inakaa wapi hasa, na mwenyewe amevaa nini.

Anaulizwa kama habari ya digrii ishirini ni ya kweli.

"Kuna ukweli kidogo," anasema, akiinama kuvaa viatu.

Na je, inaweza kuandikwa gazetini?

Fundi anafikiri, kamba ya kiatu mkononi. "Andika. Mama hasomi Kiswahili. Ila akikuuliza, na wewe mjibu hivyo hivyo: mashine inaogopa baridi."