Ndani ya Mashine ya Omena

Ukinialika kwako ghorofa ya nne, rafiki yangu, nionyeshe ngazi. Juzi hapa Kisumu lifti ilikwama nikiwa ndani, dakika chache tu, na jasho lililonitoka lilinirudisha kidato cha tatu, ndani ya sanduku la plaiwudi.

Sanduku hilo lilikuwa mashine ya mchezo tuliyoiunda wasichana watatu kwa maonyesho ya sayansi shuleni. Taa ndogo kumi ziliwaka moja moja juu ya ubao, kila moja ikiwa omena, dagaa wetu wa ziwani, nawe ubonyeze kitufe chake kabla haijazima. Muhula mzima tulilehemu nyaya, mikono ikinuka ule moshi hata tukila ugali. Mwalimu wa fizikia alikuwa na lake moja: haraka haina baraka, haswa kwa betri. Asubuhi ya maonyesho mimi, kwa haraka zangu, nikaunganisha betri kinyume. Saketi yote ikaungua.

Wenzangu hawakunigombeza. Walinitazama, wakatazama sanduku, wakanitazama tena. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wa umbo, na kosa lilikuwa langu. Nikaingia sandukuni na swichi kumi na betri mpya, wakafunga ubao wa nyuma kwa skurubu. Kazi ya saketi nikaifanya mimi, kwa vidole.

Mchezo ukapendwa, ole wangu. Foleni haikuisha. Miguu ilikufa ganzi, jasho likaniingia machoni na mkono haukuweza kufika. Kwa tundu dogo niliona vidole vya wachezaji, basi. Tukigunduliwa, sote watatu tungefukuzwa tukalete wazazi.

Kisha nikasikia sauti ya Dani, nyanya yangu aliyenilea. Alikuwa ametoka Ahero, barabara imejaa maji, aje anione.

"Mjukuu wangu ako wapi?"

"Ametumwa na mwalimu, Dani," mwenzangu akajibu. "Cheza kidogo ukimngoja."

Nikamwashia polepole, kila taa nikiiacha mpaka kidole chake kifike. Alizinasa zote kumi. Akacheka huku akipiga makofi, akawaambia watu, "Hii ni kazi ya mjukuu wangu. Ametengeneza yeye mwenyewe." Alikuwa karibu sana, nilimsikia akitafuna njugu. Nilitaka kulia, nikaogopa kusikika. Alingoja sana, halafu akasema mvua inakuja, akaenda zake.

Tulipewa cheti. Shule ilipofungwa nilimkuta Dani kitandani, mgonjwa. Akanishika mkono.

"Ile mashine yako ilinihurumia," akasema.

Tulikuwa wawili tu chumbani, hakuna mwalimu wala foleni. Nikajibu, "Ndiyo, Dani, tuliiunda vizuri." Tulimzika kabla shule haijafunguliwa.

Siku hizi wanangu wananasa samaki kwenye simu, na maabara ya shule yetu ilishabomolewa. Ningemwambia ukweli siku ile, Dani angecheka kuliko watu wote. Hilo ndilo linaloniuma.