Kimeo Changu na Maji ya Dafu

Nilipokatwa kimeo nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto mchanga, si kitoto cha kushikwa miguu. Kikohozi kilikuwa kimening'ang'ania tangu nijifungue, na pale kisiwani kwetu Chole, zamani za utawala wa Mdachi, kikohozi kisichokoma kilikuwa na dawa moja tu: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kikatwe. Fundi alikuja na kisu chake kilichopinda, akakata, akapaka chumvi na majivu, akaacha sharti. Nisimeze kitu, hata mate, mpaka kidonda kikauke.

Kikauke! Anayekaushwa kwa chumvi ni samaki, si binadamu. Lakini mama mkwe alilishika sharti lile kwa mikono miwili. Akauhamishia mtungi wa maji chumbani kwake, akanipa kifuu cha kutemea mate. Nikiguna, ananiambia, "Mtu mzima halii, mwanangu. Vumilia." Maumivu yalinipanda hadi masikioni, hata kupiga miayo niliogopa. Na bado ningevumilia, maana ukaidi nimezaliwa nao.

Kilichonishinda ni maziwa. Siku ya pili mwanangu alivuta titi, akaliachia, akavuta la pili, akaliachia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Matiti yalikuwa yamelegea, hayana kitu. Niliingiwa na hofu, kisha hofu ikageuka hasira.

Nikatoka uani mchana kweupe, mama mkwe akinitazama. Nikachukua dafu, nikalikata kwa panga.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Kidonda kitafumuka, utakufa!"

Sauti sikuwa nayo, ila mnong'ono. "Niwie radhi, mama," nikamwambia. "Nakunywa."

Funda la kwanza lilinitoa machozi, nikashika nguzo ya banda. La pili likauma. La tatu likauma kidogo. Kumbe koo lililolowa lina nafuu kuliko lililokauka, na hakuna aliyeniambia! Tangu hapo nikawa nakunywa kidogo kidogo bila kukoma: maji na uji mwepesi uliopoa, huku punje ya karafuu ikiwa shavuni kutuliza maumivu. Mama mkwe alinuna, nami nikinywa mbele yake makusudi.

Kesho yake maziwa yakarudi. Mwanangu akashika titi asiliachie, nikasikia koo lake dogo likigugumia. Kila alipomeza, nami nilimeza.