Dada Alinifuata Xi'an

Hii sikusimuliwa na mtu. Ilinipata mimi, mchana kweupe, akili zangu timamu. Asiyetaka kuamini anicheke tu, nimezoea.

Nilikuwa nasoma Xi'an, China. Siku moja ya mapumziko mimi na wenzangu tukazunguka mji kuona mambo ya kale. Tukapanda ukuta mkubwa unaouzunguka mji, tukapiga picha kwenye Mnara wa Kengele, halafu tukaingia Msikiti Mkuu. Msikiti gani ule! Mapaa kama ya mahekalu ya Wachina, lakini kutani zimechongwa aya za Qurani. Mtoto wa Kiislamu wa Mazingara, Handeni, ningeachaje kuingia?

Wenzangu wakatangulia, mimi nikabaki uani natazama maandishi. Kugeuka, namwona dada yangu Mwanaidi amesimama chini ya lango la mbao. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Amejifunga khanga, miguu peku, na baridi ile!

"Shikamoo dada." Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba." Hakutabasamu. "Mbona hukuja kunizika?"

Niamini, sikukimbia. "Kukuzika? Si jana tu umeniandikia kwamba mnavuna mahindi?"

"Si mimi niliyeandika."

Akapita langoni. Nikamfuata mbio. Upande wa pili palikuwa na watalii na kamera zao, basi.

Nikampigia baba palepale. "Dada yako yuko shamba," akasema.

"Baba, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Ananiuliza kwa nini sikumzika."

Nikasikia mzee analia.

Dada alifariki kwa uzazi, na zaidi ya mwezi ulikuwa umepita. Walikubaliana nisiambiwe mpaka nimalize mitihani. Shemeji akawa ananijibu kwa simu ya marehemu: "Soma mdogo wangu, sisi wazima." Na mimi nacheka, namtumia picha! Mnaliona hilo?

Mitihani nilifaulu. Sasa nafanya kazi Korogwe, nyumbani si mbali. Baba namwamkia, lakini chakula chake hakinipiti kooni. Kaburi la dada nalipalilia mwenyewe. Naongea pale mpaka nachoka, hajanijibu hata mara moja.

Wewe mwenye ndugu ugenini, usimfiche msiba ukajiona una huruma. Mpigie leo, alie na wenzake. Ukinyamaza, marehemu atamwendea mwenyewe, na hapo utakuwa umempoteza hata huyo aliye hai.