Miche ya Nyanya Ndani ya Seng'enge

Nikishika jani la mnyanya, harufu inayobaki vidoleni hunirudisha kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, walikotuhamishia askari wa Kireno wakati wa vita vya ukombozi. Mama alibeba miche kutoka shambani kwetu, akaipanda nyuma ya kibanda. Kufika adhuhuri yote ilikuwa imelala chini.

"Mama, imekufa?"

"Imeshtuka tu, mwanangu. Haijaizoea ardhi hii."

Tuliifunika kwa makuti. Tuligawiwa maji kopo moja kila mtu kwa siku. Maji ya kopo lake, Mama aliimwagilia miche. Siku ya tano ikasimama. Nilikimbia ndani kumwambia. Alikuwa kitandani, mwili unawaka homa.

"Imesimama, Mama. Njoo uione."

"Vizuri," alisema, bila kufumbua macho.

Nikakaa nikimpepea kwa upindo wa kanga. Sikujua jingine la kufanya.